Nyumba Tuliyoachiwa Elwak

Nasra alinipigia simu mchana nikiosha vyombo, na kwa sauti yake tu nikajua ana furaha ya kunisumbua. "Abaayo, nyumba yetu imekuwa historia," akasema. Abaayo ni dada kwa lugha ya kwetu, na mdogo wangu hulitoa neno hilo anapotaka kitu. Kuna vijana kutoka Nairobi waliokuwa wakizunguka miji ya mpakani wakikusanya habari za majengo ya zamani, na pale Elwak kila waliyemwuliza aliwaelekeza kwenye nyumba ya babu yetu. Wangekuja Jumamosi na kamera zao. Baadaye wangebandika kibao ukutani chenye jina la Hooyo, yaani mama yetu. "Wewe mkubwa ndiye utakayesimulia," akasema. "Mimi nilikuwa na miaka saba, nitasema nini?" Nikamwambia goti langu halitaki safari ndefu. Akanijibu kwamba goti nalo litapata kiti. Nimefundisha Kiswahili mjini Garissa mpaka nikastaafu. Nimewafokea watoto wa watu kwa kuandika "babai" badala ya papai na "fiatu" badala ya viatu, na insha ya nyumbani kwetu nimewapa sijui mara ngapi, ila mimi mwenyewe sikuthubutu kuiandika hata siku moja. Naiandika sasa kwa sababu habari ya nyumba ile, kama inavyojulikana Elwak nzima, si ya kweli, na aliyeiharibu ni mimi.

Ni nyumba ya mawe meupe, yaliyochimbwa si mbali na visima. Babu Alio aliijenga wakati wenzake wote walikuwa na vibanda vya miti na udongo, na walimcheka, wakasema mfanyabiashara mwenye akili hajengi kitu kisichoweza kupakiwa juu ya ngamia. Mlango mkubwa ulitoka Bardera, ng'ambo ya mpaka, ukafungwa ubavuni mwa ngamia dume, na kila mzee wa Elwak atakwambia kuwa babake ndiye aliyemwongoza ngamia huyo. Mbele palikuwa na duka. Nyuma ya duka kulikuwa na ghala lililonuka ngozi, sukari na majani ya chai kwa pamoja, kisha sebule ya wageni yenye mikeka na mito, kisha ua wenye tangi la saruji la kukinga maji ya mvua. Chumba cha Hooyo kilikuwa mwisho, na dirisha lake dogo lilitazama barabarani. Kati ya ghala na ushoroba hapakuwa na ukuta wa maana, ni mabati tu yaliyopigiliwa misumari, kwa hiyo maneno ya dukani tuliyasikia yote: nani amepoteza ngamia, nani anataka mke wa pili, nani amezuiliwa mpakani Liboi na mzigo wake. Wafugaji walifika na maziwa alfajiri, wakanywa chai yetu, wakalala sebuleni wakati wa joto, wakaacha vyombo vyao ghalani mpaka msimu mwingine. Hakuna aliyewauliza watakaa mpaka lini. Kwa sisi watoto nyumba ilikuwa kama mtu mwingine wa ukoo, mzee na mkaidi, anayejulikana na kila mtu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na saba. Aabo, baba yetu, alipanda lori kwenda Mandera kuleta mzigo, lori likapinduka, wakamleta amefunikwa turubai. Niliitwa kutoka shule ya bweni na sikurudi tena muhula ule. Hooyo alivaa nguo nyeupe za mjane, akaingia eda. Asiyejua eda nimweleze kwa ufupi. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyoishi naye. Hajipambi, hajipaki hina wala manukato, haolewi, hatoki ila kwa haja. Kwetu hayo maneno ya mwisho, ila kwa haja, watu walikuwa wameyasahau. Kwetu mjane hakuvuka kizingiti, basi. Hooyo alizihesabu siku zake kwa kokwa za tende, kila jioni moja ndani ya kopo la maziwa ya unga, na Nasra aliipenda kazi ya kulitikisa kopo asikie limejaa kiasi gani.

Aabo hakuacha mtoto wa kiume. Kwa sheria ya dini, ndugu yake, Adeer Bishar, yaani ami yetu, alikuwa na fungu lake katika urithi, na hilo hatukulikataa. Swali lilikuwa fungu hilo likae wapi, dukani na kwenye mifugo, au ndani ya nyumba tuliyolala. Wazee wangekaa kuamua eda ikiisha. Adeer alikuwa ameshahamia dukani tangu wiki ya matanga, na mkewe Dahira aliingia jikoni kwetu kutusaidia, kama alivyosema, akaanza kubadilisha mahali pa sufuria. Chungu cha nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwa samli, Hooyo alikuwa amekiweka kwa ajili ya wageni wa msiba. Dahira aliwapa wanawe wakamaliza kwa siku tatu. Usiku ule Hooyo alituambia neno moja tu, nami nikalishika kuliko neno lolote nililofundishwa shuleni: "Wazee wakija watamkuta aliyemo. Nyumba haimfuati mtu aliyetoka." Tukaishi hivyo, tukila anjera na chai asubuhi na tambi jioni, watu sita upande mmoja wa sahani na sisi watatu upande wa pili, tukipishana kwa adabu kubwa. Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime. Lakini hawakusema yule anayegombaniwa achukue nini.

Ilikuwa kama siku ya tisini Hooyo alipokanyaga kipande cha debe kando ya tangi. Kilikuwa kidonda kidogo chini ya kidole gumba. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akaendelea kutawadha na kuswali juu yake. Tulijua ana ugonjwa wa sukari, lakini tulijua kama mtu anavyojua jina la mtu wa mbali. Baada ya siku tano kidole kilikuwa cheusi na mguu umevimba mpaka kifundoni. Nikaenda zahanati nikamwita nesi, mwanamke wa Ukambani aliyeitwa Mwende, mpole lakini hana subira na upuuzi. Alikifungua kitambaa, akakiinamia kidole. Akamdunga sindano, akamsafisha, kisha akatoka hadi ushorobani alikosimama Adeer.

"Mzee, huyu mama aende Wajir. Kuna daktari pale. Wakikata kidole sasa, mguu utabaki."

Kiswahili cha Adeer kilikuwa cha sokoni. "Sista, hiyo maneno ya hosbitali wachana nayo kwanza. Mama iko eda. Eda hawezi toka."

"Eda mimi siijui, mzee. Mguu naujua."

"Sasa wewe taka sisi tufunje dini yetu?"

"Mimi nimesema yangu," Mwende akajibu, akichukua mkoba wake. "Lori liko kila siku. Msinitafute wakati nyama imeshaoza."

Hooyo hakujua Kiswahili. Alinitazama akingoja, nami nikamwambia yote sawasawa, hata habari ya nyama kuoza. Saa hiyo nilikuwa bado mkweli. Akafikiri, akamsogeza Nasra aliyekuwa amelala ubavuni mwake, akasema, "Nenda kwa Maalim Issack. Usimwulize mtu mwingine. Mwambie Dakane anauliza: nikienda Wajir kutibiwa, eda yangu imevunjika? Atakachosema ndicho nitakachofanya."

Nilimkuta Maalim chuoni, alikofundisha watoto Kurani, akifunga mzigo wake, maana alikuwa anaondoka saa hiyo hiyo kwenda Mandera kwenye mazishi ya shemeji yake. Alikuwa amechuchumaa akishona ukanda wa kiatu chake cha tairi. Hakuacha kushona nilipokuwa nikieleza. "Mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe," akasema. "Hiyo ndiyo asili yake." Kisha akauweka uzi chini, akanitazama. "Lakini dini haikuja kuua watu, binti yangu. Mwambie apande lori la kesho. Atibiwe, apone, arudi amalizie siku zake palepale alipoziachia. Hajavunja kitu. Dharura ina hukumu yake. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Akaniuliza mara ya pili, "Yote umeyasikia?" Nikasema yote. Akaniombea dua, akaenda zake kutafuta gari.

Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningepita mlango wa ua, nikaingia moja kwa moja kwa Hooyo. Nilipita dukani. Na ushorobani nikawasikia wako sebuleni, Adeer, Dahira na fundi wa ujenzi. Walikuwa wanapima. Dahira alishika ncha moja ya kamba, fundi ncha ya pili.

"Ukuta ukipita hapa," alisema Dahira, "wanangu watalala upande wa tangi. Na ule mlango wa chumba cha mwisho uzibwe."

"Na mwenyewe atapita wapi?" fundi akauliza.

"Akienda Wajir tunaanza," Adeer akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga kuchinja mbuzi wa Idi. "Hatumfukuzi mtu, wallahi. Akirudi atapewa pa kulala."

Nilisimama nyuma ya yale mabati. Niliwaza kwamba tukipanda lori kesho, tutarudi tukute ukuta, na hakuna mzee wa Elwak atakayembomolea mtu ukuta ndani ya nyumba ya babake. Nilimwaza Nasra akilala jikoni kwa watu. Nilijiwaza mimi, nisirudi shule, nikiozwa kwa rafiki wa Adeer ili nafasi ipatikane. Nilihesabu siku: zilikuwa zimebaki kama thelathini. Nikajiambia mguu ni mguu, watu wanakaa na vidonda mwaka mzima, sindano ameshadungwa. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kutembea hatua ishirini. Watu husema shetani alinipitia. Mimi sitamsingizia. Nilikuwa na akili zangu zote, na nilikuwa naipenda nyumba.

Hooyo alikuwa ameketi, si kulala, na amejifunga shuka mabegani. "Amesemaje?"

"Amesema mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe. Amesema hiyo ndiyo asili."

"Hakusema kingine?"

"Hakusema."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nasra alikuwa pembeni yake, macho wazi, akinitazama vilevile. Kisha Hooyo akasema, "Basi. Maalim amesema," akajilaza taratibu, akaomba chai.

Siku zilizofuata nitazisema kwa haraka, kwa sababu ndizo nizijuazo kuliko zote. Mguu ulipanda weusi mpaka nusu ya muundi. Hooyo alitukataza kufukiza ubani chumbani, akiogopa usihesabiwe manukato, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuficha harufu ile, na Dahira alianza kupitisha sahani ya chakula dirishani badala ya kuingia. Wafugaji waliokuja dukani waliacha kulala sebuleni. Kila asubuhi niliamka nikiwa na jibu la Maalim mdomoni, nikapika chai, nikalimeza pamoja na chai. Siku ya kumi na mbili homa ilikuwa inamtikisa mpaka kitanda kinalia, nikaogopa kweli, nikamwambia, "Hooyo, twende tu. Twende Wajir." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto kama jiko. "Maalim amesema, binti yangu. Unataka nikutane na babako nimevunja eda yake?" Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa umefungwa, hapakuwa na mtu mwingine macho, na maneno yenyewe hayazidi kumi. Nikaogopa uso wake utakavyokuwa akijua. Niliogopa uso wa mtu anayekufa kuliko kifo chenyewe. Nikamfuta jasho. Alifariki siku kumi na moja kabla eda haijaisha, adhuhuri, na tuliokuwa naye ni mimi na Nasra.

Maalim Issack, aliyecheleweshwa Mandera na mambo ya mirathi, alirudi siku ya tatu ya msiba, vumbi mpaka kwenye kope. Hakukaa na wanaume. Aliniita uani, mbele ya tangi, akauliza kwa sauti ya chini, "Ulimpa jibu langu?"

"Nilimpa, Maalim."

"Yote?"

"Yote. Akakataa. Akasema hatatoka nyumbani kwa mumewe."

Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu. Huu wa pili niliusema kwa ulimi laini kabisa, na huo ndio ulioijenga nyumba upya. Maalim alilia. Kisha akaenda kusimama mbele ya wanaume sebuleni, pale pale palipopimwa kwa kamba, akawaambia kwamba Dakane alipewa ruhusa na dini na akachagua kukaa, kwa ajili ya heshima ya mumewe na nyumba yake. Mzee mmoja akasema, "Subhanallah." Adeer Bishar aliinamisha kichwa na hakukiinua tena msiba mzima. Wazee walipokaa, hawakuchukua hata saa moja. Adeer alipewa duka na mifugo, nyumba ikabaki kwa mabinti, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema iwe hivyo. Alihama na familia yake wiki ile. Hakuwa mtu mbaya, Adeer. Mpaka anakufa alituletea mbuzi kila Idi, na hakuingia ndani. Shangazi wa Hooyo alikuja kuishi nasi, mimi nikarudi shule, nikawa mwalimu, Nasra akaolewa humohumo na kulea watoto sita chini ya mabati ya Babu Alio.

Hadithi ikakua bila sisi. Mabibi harusi wa Elwak huletwa wapite mbele ya nyumba ile waambiwe hapa aliishi mwanamke aliyeruhusiwa kutoka akakataa. Nimesikia inasimuliwa Wajir, nimesikia hata Garissa, katika chumba cha walimu, ikisimuliwa na mtu asiyenijua, nami nikamsahihisha jina la mji. Nimesikitika zaidi kwa jambo moja kuliko kwa uongo wenyewe. Wako wanawake, na mmoja namfahamu kwa jina, waliougua wakiwa eda na kukataa hospitali kwa sababu ya mfano wa mama yangu. Niliishi na hayo yote kwa kujiegemeza kwenye wazo moja. Nilijiambia Hooyo asingekwenda. Nilimjua. Mwanamke aliyesema nyumba haimfuati mtu aliyetoka asingepanda lori hata Maalim angembeba mgongoni. Kwa hiyo nilichokisema kwa Maalim kilikuwa kweli, niliwahi tu kukisema kabla Hooyo hajakisema. Wazo hilo lilinilaza usiku kwa miaka arobaini na zaidi.

Jumamosi tulipofika, mimi na goti langu, vijana walikuwa wameshapanga viti viwili uani. Wavulana wawili na msichana mmoja, wenye adabu, wakisema Sheng wao kwa wao na Kiswahili cha shule kwetu. Nasra alikuwa jikoni akimimina chai, amevaa diraa mpya, na midomo ilikuwa inakwenda, anajisomea: aliruhusiwa na Maalim, akakataa, akasema heshima ya mume haitoki na mguu. Hayo ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, au watu walimwongezea. Niliona jina la Hooyo limeandikwa kwenye karatasi ya kupimia kibao, imebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Nikafunga mlango wa jiko.

"Nasra, hakukataa."

"Nani?"

"Hooyo. Sikumpa jibu. Maalim alisema aende, mimi nikamwambia amesema akae. Niliwasikia Adeer na Dahira wanapima sebule, nikaogopa. Kisha nikamdanganya Maalim pia." Nilisema kwa pumzi moja. Nikaongeza, kwa sababu nilihitaji kuongeza, "Lakini unamjua. Asingekwenda vyovyote."

Nasra aliiweka birika chini. Alikaa juu ya kigoda, akaziweka tende sawa kwenye sahani, moja moja.

"Nilikuwa pale kitandani," akasema.

"Najua."

"Ulipotoka kwenda kwa Maalim, aliniambia nimletee kile kifuko cha nguo, kile cha kitambaa cha kijani. Akafunga nguo zake mbili, sabuni, na msala. Akanifungia na mimi gauni moja. Akaniambia, tunakwenda Wajir kupanda kitanda cha chuma. Aliketi akikungoja." Aliinua macho. "Uliposikika ushorobani akaniambia nikisukume chini ya kitanda kwanza, mpaka tusikie umesemaje. Ulipomaliza kusema, kilibaki hukohuko. Nilikifungua baada ya mazishi. Alikuwa ameweka kiatu kimoja, abaayo. Cha mguu mzima."

Nilishika ukingo wa meza. Nje msichana wa Nairobi alibisha mlango kwa adabu akasema mwanga ni mzuri sasa, mama, kama tuko tayari, nani ataanza? Nasra alichukua sinia la chai, akanipita bila kunigusa, akafungua mlango kwa kiwiko. "Huyu mkubwa," akawaambia. "Yeye ndiye anayejua."

Nikatoka, nikaketi. Mvulana akanibandika kinasa sauti kifuani, akaniomba nianze popote ninapotaka, labda kwa babu, labda kwa mlango wa Bardera, lakini wangependa sana wasikie jinsi mama yetu alivyokataa kwenda hospitali.

"Mama yangu alikuwa ameshafunga nguo zake," nikasema. "Alitaka kwenda. Mimi ndiye niliyemzuia."